UCHANGANUZI: Dawa ya kifua mtaani Kware, ushahidi uko wapi?

KABLA ya jua kuchomoza, kikohozi huwa kimeanza kusikika katika vyumba vya mabati na majumba ya ghorofa yaliyobanana mtaani Kware, eneobunge la Embakasi Kusini, jijini Nairobi. Ni sauti ambayo wakazi wameizoea kiasi kwamba aghalabu hakuna anayegeuka kumtazama anayekohoa.

Kando ya njia, wachuuzi hupanga chupa za plastiki zenye maji ya rangi ya kahawia, mafungu ya magome na unga uliofungwa kwenye karatasi. Mteja akitaka kujua dawa hiyo yatibu nini, jibu huwa fupi: kifua.

Mtaa huu, ambao jina lake lilitokana na neno la Kiingereza lenye maana ya machimbo ya mawe, ulitajwa kote ulimwenguni mnamo Julai 2024 baada ya miili kuopolewa kutoka kwa timbo lililogeuzwa jaa la taka. Lipo janga jingine ambalo halivuti kamera. Linaua polepole, nalo huanza kwa mtu kusema kwamba kifua chamsumbua.

Swali ambalo mnunuzi wa chupa ile anastahili kujibiwa ni hili: Je, kuna ushahidi wowote kwamba dawa za mitishamba huondoa taabu ya kifua? Jibu la kweli halipatikani kwa wanaozitukuza dawa hizo kupita kiasi, wala kwa wanaozidunisha bila kuzichunguza.

Neno moja, maradhi mengi

Ugumu wa kwanza umo katika lugha yenyewe. Mswahili akisema ana 'kifua', huenda anazungumzia makohozi ya mafua yatakayokwisha yenyewe baada ya siku kumi. Huenda pia ni pumu, nimonia, kichomi, kifua kikuu, kiungulia kinachopanda kutoka tumboni, au msuli ulioteguka kwa kubeba mizigo katika Eneo la Viwanda.

Tena huenda si mapafu hata kidogo. Maumivu yanayobana katikati ya kifua, yakashuka mkononi au kupanda hadi kwenye taya huku mgonjwa akitokwa na jasho jembamba, mara nyingi ni ishara kwamba moyo unakosa damu.

Maradhi hayo yote yana jina moja sokoni, lakini hayana chanzo kimoja. Kwa hivyo, anayedai kuwa chupa yake moja inatibu 'kifua' amedai kutibu vijidudu, mzio, asidi ya tumbo na mishipa ya moyo kwa mkupuo mmoja. Hakuna dawa ya namna hiyo, iwe ya mitishamba au ya kiwandani.

Hapo ndipo sayansi inapotofautiana na biashara ya kando ya njia. Mtafiti huanza kwa kuuliza ni kifua kipi kinachotibiwa, ndipo aulize iwapo dawa inafaa.

Watoto wa Mukuru na wa Buruburu

Kuhusu Kware na majirani zake, upo utafiti unaopaswa kusomwa na kila kiongozi wa Eastlands. Uliitwa Tupumue, na uliendeshwa na wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini (KEMRI) wakishirikiana na wenzao kutoka Uingereza. Matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2023 katika jarida la Thorax, ambalo huangazia magonjwa ya mapafu.

Watafiti hao waliwachunguza watoto wa shule 2,373. Kati yao, 1,277 walitoka Mukuru, kitongoji kinachopakana na Kware, na 1,096 walitoka Buruburu, mtaa wa watu wenye uwezo kiasi ulio umbali mfupi tu.

Ilibainika kuwa watoto wa Mukuru walikabiliwa na hewa chafu zaidi. Asilimia 9.5 kati yao walikuwa na tatizo la kukorota kifua, ikilinganishwa na asilimia 6.4 ya wale wa Buruburu. Waliotatizika kupumua walikuwa asilimia 16.3 Mukuru na asilimia 12.6 Buruburu, na dalili za watoto wa Mukuru zilikuwa kali zaidi.

Hata hivyo, watoto waliokuwa wameambiwa na daktari kwamba wana pumu walikuwa wengi Buruburu, asilimia 2.8, ilhali Mukuru walikuwa asilimia 1.2 pekee.

Takwimu hizo zinaashiria jambo zito. Mahali ambapo vifua vinaumia zaidi ndipo maradhi yanapotambuliwa kwa uchache zaidi. Mtoto wa Buruburu hukorota, akapelekwa kwa daktari, akapewa jina la ugonjwa na kifaa cha kuvuta dawa. Mwenzake wa Mukuru hukorota, akaambiwa ana kifua, akanyweshwa kilichopo.

Mzazi anayenunua magome kwa hivyo halaumiki kwa ujinga. Anafanya hesabu ya nauli, ya foleni, ya siku ya kibarua itakayopotea, na ya dawa ambazo huenda asizipate akifika zahanati. Chupa ya mchuuzi iko hatua chache kutoka mlangoni, na mwenye kuiuza ana muda wa kumsikiliza.

Asali na mvuke

Yapo mambo ambayo mababu waliyajua na sayansi imeyathibitisha. La kwanza ni asali.

Mnamo 2018, shirika la Cochrane, linalokusanya na kupima tafiti za tiba kutoka pembe zote za dunia, lilichapisha uchambuzi wa majaribio sita yaliyohusisha watoto 899 waliokuwa na kikohozi cha muda mfupi. Hitimisho lilikuwa kwamba yamkini asali hupunguza kikohozi kuliko kutotumia dawa yoyote, na kuliko kinywaji kisicho na dawa.

Onyo lililopo ni moja, nalo ni kubwa. Mtoto ambaye hajatimiza umri wa mwaka mmoja hafai kulambishwa asali kamwe, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za vijidudu vinavyozalisha sumu ya kupoozesha mwili tumboni mwa mtoto mchanga.

La pili ni kujifukiza. Wazee wa pwani na bara wamejifunika blanketi juu ya chungu cha majani ya mkaratusi na mchaichai tangu zamani. Mwaka wa 2020, janga la corona lilipotanda, Rais wa Tanzania wakati huo, hayati John Magufuli, aliwahimiza wananchi wajifukize, na nyungu ikawa gumzo katika Afrika Mashariki yote.

Ushahidi wa mvuke ni hafifu kuliko sifa zake. Uchambuzi mwingine wa Cochrane wa mwaka wa 2017 ulitathmini majaribio sita yenye washiriki 387 waliokuwa na mafua. Baadhi walipata nafuu, wengine hawakuona tofauti, na haikuwezekana kupendekeza mvuke kuwa tiba. Ambalo halina shaka ni kwamba maji yanayochemka huwababua watoto, hasa katika chumba kimoja ambamo watu sita hupikia, hula na kulala.

Kwa mgonjwa wa pumu, harufu kali na mvuke mzito vinaweza hata kuchochea shambulio. Kinachompa jirani ahueni kinaweza kumkaba pumzi mwingine.

Magome ya muthiga

Mti unaotajwa sana Kenya kwa ajili ya kifua ni ule ambao Wakikuyu huuita muthiga na Wamaasai osokonoi. Wataalamu wa mimea huufahamu kwa jina la Warburgia ugandensis. Magome yake huwasha mdomo mithili ya pilipili, na yamekuwa yakitafunwa au kuchemshwa kutibu kikohozi, maumivu ya kifua na homa kwa vizazi vingi.

Sifa hiyo haikuzuka hivi hivi. Tangu miaka ya 1970, wanakemia wametenga kutoka kwa mti huo viambato vikali ambavyo huwafukuza wadudu na kuua kuvu na bakteria katika maabara. Mwaka wa 2005, watafiti walichapisha katika jarida la Phytochemistry matokeo yaliyoonyesha kuwa baadhi ya viambato vya mti huo huzuia kukua kwa bakteria wa jamii moja na wale wa kifua kikuu.

Wafanyabiashara wengi huishia hapo, wakatangaza kwamba dawa imethibitishwa na wanasayansi. Kuua kijidudu kwenye kisahani cha maabara, hata hivyo, ni hatua ya kwanza ya safari ndefu. Sabuni na klorini huua vijidudu kwenye kisahani pia, lakini hakuna anayemshauri mgonjwa azinywe.

Baada ya kisahani kuna maswali mengine. Je, kiambato hicho hufika mapafuni kikiwa na nguvu ya kutosha, au huharibiwa tumboni na kwenye ini? Kipimo kinachoua kijidudu kiko mbali kiasi gani na kipimo kinachomdhuru mgonjwa? Je, magome yaliyobanduliwa msimu wa mvua yana nguvu sawa na ya kiangazi?

Maswali hayo hujibiwa tu kwa majaribio ya binadamu ambamo wagonjwa hugawanywa kwa kura, kundi moja likapewa dawa na jingine likapewa tiba iliyozoeleka. Kwa muthiga dhidi ya kifua kikuu, hakuna jaribio kubwa la aina hiyo lililothibitisha kwamba wagonjwa hupona.

Maadam hali ni hiyo, anayetegemea magome kutibu kifua kikuu anacheza na maisha yake na ya wanaoishi naye. Utafiti wa kitaifa uliofanywa kati ya 2015 na 2016 ulikadiria kwamba watu wazima 558 kati ya kila 100,000 nchini Kenya walikuwa na ugonjwa huo, wengi wao wakiwa bado hawajagunduliwa.

Tiba yake, inayochukua miezi sita kwa wagonjwa wengi, hutolewa bure katika hospitali za umma. Ni kinaya kwamba mgonjwa hulipia chupa ambayo haijathibitishwa, ilhali dawa iliyothibitishwa inamsubiri bila malipo.

Ilivyokuwa Cairo

Wanaoshikilia kwamba mitishamba haina maana wanapaswa kukumbushwa yaliyotokea Misri. Tangu enzi za kale, wakazi wa bonde la Nile wametumia mbegu za mmea uitwao khella kutuliza maumivu ya mawe kwenye figo.

Katika miaka ya 1940, mtaalamu mzawa wa Urusi, Gleb Anrep, aliyekuwa akifundisha Cairo, aligundua kuwa msaidizi wake wa maabara aliyetumia khella kwa ajili ya maumivu ya mkojo alikuwa amepata nafuu ya maumivu ya kifua yaliyotokana na moyo. Badala ya kupuuza, aliipima dawa hiyo. Kiambato chake kikuu, khellin, kilionekana kutanua mishipa inayopeleka damu kwenye moyo.

Khellin yenyewe haikudumu kama dawa ya moyo kwa sababu iliwasababishia wagonjwa kichefuchefu. Lakini haikutupwa. Wanakemia wa Ubelgiji waliitumia kama kielelezo katika safari iliyozaa amiodarone mwanzoni mwa miaka ya 1960, dawa ambayo hadi leo hutumika kurekebisha mapigo ya moyo yaliyovurugika.

Nchini Uingereza, daktari Roger Altounyan, aliyekuwa akiugua pumu, alijaribu viambato vilivyotokana na khellin kwenye mapafu yake mwenyewe. Alivuta vumbi la manyoya ya panya wa Guinea ili pumu impande, kisha akapima iwapo kiambato kingeizuia. Baada ya miaka mingi ya kujitesa hivyo, kulipatikana mwaka wa 1965 dawa ya kukinga pumu iitwayo kromolini. Ilitumika duniani kote kabla ya dawa bora zaidi za kuvuta kuchukua nafasi yake.

Mmea mmoja wa kienyeji, kwa hivyo, ulizaa dawa ya moyo na dawa ya pumu. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa ile ile iliyochemshwa kijijini. Hekima ya wenyeji ilielekeza pa kutafuta, na kazi ya kupima, kusafisha na kupima tena ikafanywa kwa zaidi ya miaka 15.

Uchina nayo imechukua njia tofauti kidogo. Mwezi wa Oktoba 2023, jarida la JAMA la Marekani lilichapisha matokeo ya jaribio la Tongxinluo, mchanganyiko wa kiasili wa Kichina, kwa wagonjwa zaidi ya 3,700 waliokuwa wamepatwa na mshtuko mkali wa moyo. Katika siku 30 za kwanza, vifo na matatizo makubwa ya moyo na mishipa viliwakumba asilimia 3.4 ya waliopewa mchanganyiko huo na asilimia 5.2 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Jambo la kuzingatia ni kuwa wagonjwa wote hao walikuwa hospitalini wakipokea tiba ya kawaida ya moyo. Mchanganyiko uliongezwa juu yake. Hakuna aliyeambiwa abaki nyumbani na chupa.

Funzo la Loliondo

Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake chungu. Mwanzoni mwa 2011, maelfu kwa maelfu ya watu walimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kumwona mchungaji mstaafu wa kanisa la Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, maarufu kama Babu wa Loliondo. Kwa shilingi 500 za Tanzania, kila mmoja alinywa kikombe cha dawa ya mugariga iliyosemekana kuponya Ukimwi, kisukari, pumu na maradhi mengine sugu.

Wakenya hawakuachwa nyuma. Magari yalivuka mpaka yakiwa yamesheheni wagonjwa, wengine wakiwa mahututi. Foleni ilienea kwa kilomita nyingi, na wapo waliokata roho kabla ya kukifikia kikombe. Wapo pia walioacha dawa walizopewa hospitalini wakiamini wamepona.

Mmea wenyewe si hadaa. Watafiti wa KEMRI walikuwa wamechapisha mwaka wa 2006 matokeo yaliyoonyesha kuwa dondoo za Carissa edulis, mmea wa jamii hiyo ya mugariga, zilizuia virusi vya malengelenge katika maabara na kwa panya. Lakini kutoka kwa panya hadi kikombe kimoja kinachoponya maradhi matano ni umbali ambao hakuna utafiti uliouvuka.

Babu alifariki Julai 2021. Barabara ya kwenda Samunge ilikuwa imetulia zamani, lakini imani iliyowapeleka watu kule haikufa naye. Ilihamia katika chupa ndogo za mitaani, na sasa hutangazwa kwa vipaza sauti na kwenye simu.

Sheria ipo, ulinzi hauonekani

Kenya haikosi sheria. Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na pia inaitaka serikali ilinde maarifa ya kiasili. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 ina sehemu mahsusi kuhusu tiba asilia na tiba mbadala. KEMRI ina kituo cha utafiti wa dawa za kiasili, na Bodi ya Famasia na Sumu ina jukumu la kukagua bidhaa za mitishamba kabla hazijauzwa.

Pengo liko kati ya makaratasi na mtaa. Kwa miaka mingi, waganga wa tiba asilia walikuwa wakisajiliwa na idara ya utamaduni badala ya ile ya afya, kana kwamba kazi yao ni ngoma na wala si uhai wa watu. Chupa zinazouzwa kando ya njia hazina jina la mmea, kipimo, tarehe ya kutengenezwa wala onyo kwa mama mjamzito.

Hatari haitokani na mti peke yake. Katika mataifa kadhaa, wakaguzi wamewahi kupata dawa za 'mitishamba' za pumu na maumivu zikiwa zimetiwa kisirisiri dawa za kiwandani za jamii ya steroidi. Mgonjwa huona ajabu ya kupona upesi, asijue kwamba anachokunywa kinaweza kumpandishia sukari na shinikizo la damu, na kumdhoofisha mifupa.

Vilevile, baadhi ya mitishamba huingiliana na dawa za hospitali. Mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kwa mfano, anaweza kuvuja damu akiongeza vitunguu saumu au tangawizi kwa wingi bila kumwarifu daktari. Lakini ni wangapi huulizwa na daktari wanachotumia nyumbani, na ni wangapi hujibu bila kuogopa kukaripiwa?

Upande wa pili wa sarafu ni haki ya wenye maarifa. Mnamo 1897, Mwingereza Charles Stevens aliyeugua kifua kikuu alikwenda Afrika Kusini, akapewa na mganga wa huko dawa ya mizizi ya mmea unaoitwa Pelargonium. Alirejea kwao akaiuza kama tiba ya kifua kikuu, akakabiliwa na madaktari waliomwita tapeli.

Miongo mingi baadaye, dondoo za mizizi hiyo zilikuwa zikiuzwa Ujerumani kwa ajili ya kikohozi cha mkamba, si kifua kikuu. Cochrane ilisema mwaka wa 2013 kwamba huenda zinasaidia, ingawa ushahidi ulikuwa dhaifu. Kampuni ya Ujerumani ilipotwaa hataza kuhusu mmea huo, wanajamii wa Alice katika mkoa wa Eastern Cape waliipinga, na Januari 2010 Ofisi ya Hataza ya Ulaya ikaifuta mojawapo.

Kisa hicho kina mafunzo mawili kwa Kenya. Kwanza, dawa iliyosifiwa kwa maradhi makubwa ilipopimwa ilionekana kufaa, na kwa kiasi tu, maradhi madogo. Pili, jamii isiyoweka kumbukumbu ya maarifa yake huamka siku moja ikakuta yana mwenyewe kwingineko. Ndiyo maana Bunge lilipitisha mwaka wa 2016 sheria ya kulinda maarifa ya kiasili, ambayo bado haijulikani kwa wengi wanaopaswa kunufaika nayo.

Miti nayo yaangamia. Muthiga ukibanduliwa magome kuuzunguka shina lote hufa. Mueri, mti mwingine wa dawa unaomea katika misitu ya milima ya Kenya, uliwekwa mwaka wa 1995 katika orodha ya kimataifa ya mimea ambayo biashara yake inadhibitiwa. Taifa linaweza kujikuta limemaliza mti kabla ya kujua uliponya nini.

Kifanyike nini?

Hatua ya kwanza ni kutenganisha vifua. Kikohozi cha mafua kwa mtu aliye na nguvu zake kinaweza kutulizwa nyumbani kwa asali, maji ya uvuguvugu na mapumziko. Tangawizi na limau havina madhara kwa wengi, hata kama sifa zake zimezidi ushahidi.

Lakini kikohozi kinachozidi wiki mbili, kinachoandamana na jasho la usiku, homa au kupungua uzani, ni cha kupimwa makohozi. Anayekohoa damu asisubiri hata siku moja. Mtoto anayepumua mbio huku mbavu zikibonyea ndani ni wa kukimbizwa hospitalini saa hiyo hiyo, na mtu mzima anayebanwa kifua huku akitokwa na jasho vivyo hivyo. Kwa mshtuko wa moyo, dakika zinazopotea zikichemsha magome ni misuli ya moyo inayokufa.

Hatua ya pili ni ya serikali ya kaunti na ya kitaifa. Kumkataza mchuuzi bila kumpa mkazi mahali pengine pa kwenda ni kufunga dirisha katika chumba kisicho na mlango. Zahanati za Embakasi Kusini zinahitaji vifaa vya kupima makohozi, mashine za kupima moyo, na dawa za kuvuta za pumu ambazo hazikatiki. Zinahitaji pia wahudumu wa afya ya jamii wanaoweza kugonga mlango na kuuliza ni nani anayekohoa humu.

Hatua ya tatu ni kumleta mganga wa mitishamba karibu badala ya kumfukuza. Yeye ndiye humwona mgonjwa wa kwanza. Akifunzwa dalili nne au tano za hatari, na akapewa njia ya kumtuma mgonjwa hospitalini bila kudharauliwa, anaweza kuokoa maisha mengi kuliko chupa zake zote.

Hatua ya nne ni fedha za utafiti. Kituo cha KEMRI kina wataalamu, lakini majaribio ya binadamu yana gharama kubwa. Taifa linaloimba kuhusu utajiri wa mimea yake na kuwaachia wafadhili wa ng'ambo kuamua ni upi upimwe limejifunga lenyewe mikono.

Hatimaye kuna hewa. Hakuna mti, wala kidonge, unaoweza kumponya mtoto anayerudi kila jioni katika moshi ule ule uliomuumiza. Mukuru ilitangazwa kuwa eneo la mipango maalumu mnamo Agosti 2017, na wakazi walishiriki kuandaa mipango ya barabara, maji na makao. Kila mwaka ambao mipango hiyo inabaki kabatini, taka zinazidi kuchomwa, makaa yanazidi kuwashwa ndani ya vyumba visivyo na madirisha, na wauza chupa wanazidi kupata wateja.

Watafiti waliochagua jina Tupumue walijua walichokuwa wakisema. Mkazi wa Kware anayenunua dawa ya kifua hatafuti miujiza, anatafuta pumzi. Anastahili kuambiwa ukweli kuhusu kilichomo katika chupa ile, na kisha aonyeshwe mlango ulio wazi wa zahanati iliyo karibu naye.